Treni ya Bibi Bado Iko Njiani

Mwezi uliopita nilikwenda Perry Barr kumjulia hali baba, nikamkuta ameketi sebuleni, simu ameisogeza karibu na miwani, anatazama reli. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Niliijua picha ile kabla sijavua koti: vyuma viwili vinavyokimbilia mbele na kukaribia kukutana mahali ambapo havikutani kamwe, nguzo zinazopita pembeni kwa mwendo wa tasbihi, daraja linalokuja juu ya kichwa kisha halipo.

"Umekuja wakati mwema," akasema bila kuinua macho. "Kuna mtu kaiweka mtandaoni. Safari nzima, kutoka hapa Birmingham mpaka Aberystwyth kule baharini. Hebu ihamishie kwenye runinga, mimi hizo njia zenu sizijui."

Safari nzima. Huenda kwako, msomaji wangu, maneno hayo ni mepesi. Mimi yaliniingia kama mchanga jichoni. Nilisimama katikati ya sebule, begi bado begani, nikiwa na hasira ambayo mtu mzima mwenye shahada hapaswi kuwa nayo juu ya filamu ya treni. Ili unielewe, kaa karibu nikusimulie habari za kanda moja ya video, na za bibi yangu mzaa baba, aliyeianza safari hiyo pamoja nasi na hatukumfikisha.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa tukiishi Newtown, katika mojawapo ya yale majengo marefu ya halmashauri, kaskazini tu mwa katikati ya jiji. Nyumba yetu ilikuwa na harufu tatu ambazo mpaka leo nikizikuta pamoja hunifanya nisimame: kitunguu kinachokaangwa, nguo zinazokauka juu ya hita, na tangawizi iliyopondwa. Bibi alipotujia kutoka Tabora aliongeza ya nne, harufu ya asali nyeusi ya porini aliyoileta ndani ya chupa tatu zilizoviringishwa kwa khanga. Alileta pia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama kiatu, na akatufundisha kuvitafuna polepole, kwa subira, upande mmoja wa mdomo.

Bibi alikuwa mjane wa dereva wa treni. Babu, ambaye sikuwahi kumwona, aliendesha gari moshi kati ya Tabora na Kigoma karibu maisha yake yote ya kazi. Kwa miaka hiyo yote bibi alimpikia chakula cha njiani, akakipeleka stesheni, akampokea aliporudi. Lakini hakuwahi kupanda kule mbele. Mwanamke haingii kwenye injini, ndivyo walivyosema wenyewe. Kila aliporudi, bibi alimwuliza umeona nini huko, naye babu, akivua viatu, alijibu jibu lilelile: "Reli, mke wangu. Reli tu."

Sasa fikiria kilichotokea siku baba aliporudi kutoka gulio la Jumapili na deki ya mitumba chini ya kwapa. Ndani ya boksi la deki kulikuwa na kanda moja ambayo muuzaji hakujisumbua kuitoa. Kaka yangu aliirukia akidhani ni filamu ya mapigano. Tukaiweka. Ikatokea reli. Tukasubiri watu waje, hawakuja. Ilikuwa ni safari ya treni iliyopigwa picha kutoka chumba cha dereva, kamera ikitazama mbele kupitia kioo, na sauti ya mzee mmoja wa Kiingereza ikieleza kwa upole majina ya madaraja. Kaka alilalamika kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sote kumjibu kila mtu, kwamba hii si filamu, hii ni adhabu.

Bibi hakumsikia. Alikuwa ameacha kuchambua mchele. Mchele wa Birmingham haukuwa na jiwe hata moja, lakini yeye aliuchambua kila siku juu ya sinia, kwa kuwa mkono wake haukuamini. Siku hiyo mkono ulisimama hewani.

"Mwongo mkubwa yule," akasema.

"Nani, bibi?"

"Babu yako. 'Reli tu'! Na haya yote?" Akanyoosha kidole kwenye runinga: mfereji, viwanda, maghala ya matofali, farasi mmoja nyuma ya ua, mbingu. "Haya yote alikuwa akiyala peke yake, mke mwenzangu, sisi anatuletea mifupa."

Mke mwenza ndivyo alivyoniita. Bibi na mjukuu wa kike huchangia mume, na mume wetu alikuwa yule mwongo wa Tabora.

Tangu siku hiyo kanda ile ilikuwa ya bibi, na bibi aliiwekea sheria. Kwanza, hatukuianza bila dua ya safari. Aliisoma mikono imeinuliwa, treni ikiwa bado imesimama stesheni, na aliyechelewa kusema amina alirudishiwa mwanzo. Pili, hakuna kuirukisha mbele, kwa kuwa gari moshi halirukishwi. Tatu, hakuna kutoka chumbani treni ikiwa mwendoni. Mtu hashuki kwenye gari linalokimbia.

"Bibi, nataka toilet," kaka alilia siku moja, miguu ameikunja kama mkasi.

"Subiri Wolverhampton."

"Ni mbali!"

"Ulikuwa wapi watu walipokuwa wakikojoa? Subiri Wolverhampton, mume wangu, utashuka kistaarabu kama abiria wengine."

Alikuwa akiicheka safari na kuiheshimu kwa pamoja, na sisi tukafuata. Mama yangu naye aliipenda kanda ile kwa sababu yake. Kabla yake, kutazama runinga mbele ya mama mkwe kulikuwa ni mtihani. Kila watu walipokaribiana usoni, mmoja wetu alikohoa na baba alitafuta rimoti kama mtu anayezima moto. Ndani ya kanda ya treni hapakuwa na wa kubusu wala wa kubusiwa. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, alianza kupanda kila Jumamosi na bakuli la maandazi yake ya mviringo yaliyofunikwa kitambaa. Alikaa pembeni ya bibi, akalalamika kila baada ya dakika chache, na hakukosa hata wiki moja.

"Mama, hii train yenu inafikaka kweli? Tangu siku ya posho iliyopita tuko tu mu njia!" Kwao Jumamosi ni siku ya posho.

"Wewe una haraka gani? Umeacha chungu motoni?"

"Niliacha bwana."

"Bwana haungui. Kaa."

Jirani hakuwa amekosea; kweli tulikuwa njiani wiki nyingi. Bibi aliigawa safari kwa vituo. Kutoka Tabora kwenda Kigoma ni usiku na mchana, alisema, na si adabu kufika mbali kwa saa mbili kama mwizi. Jumamosi moja tulifika Shrewsbury, ambako treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia, na dereva hutembea mpaka upande wa pili. Sisi tulichanganyikiwa, tukadhani tunarudishwa Birmingham. Bibi alitikisa kichwa kwa fahari ya mke wa dereva: "Amehamia nyuma. Sasa nyuma ndiyo mbele." Adhana ya saa ya ukutani ilipolia kwa sala ya alasiri, nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, na treni ililala pale pale ndani ya deki mpaka Jumamosi iliyofuata.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Mzee wa Kiingereza alieleza, nami nilimgeuzia bibi kwa Kiswahili changu kilichovunjika, naye aliniunganishia mifupa: si "mti ule umekuwa mkubwa," sema "mti ule umekua." Shahada yangu ya kwanza niliipata chuo kikuu, Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata kwenye zulia lile, sinia la mchele magotini.

Baada ya Shrewsbury mashamba yalibadilika, kondoo wakawa wengi kuliko nyumba, na vibao vya stesheni vikaanza kuwa na maandishi mara mbili. Bibi, aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, aliona kabla yetu. "Hapa wameandika lugha nyingine."

"Ni Wales hiyo, mama," baba alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini kwenye ghala la Nechells, bado amevaa kizibao cha kung'aa. "Nchi nyingine."

Kisha kikaja kibao kilichotufanya mimi na kaka tupige kelele: Newtown. Stesheni nzima yenye jina la mtaa wetu, katikati ya vilima vya watu wengine. Kaka alitaka kushuka ili aone kama tupo. Bibi alicheka mpaka khanga ikamteleza. Baba hakucheka. Nilimwona akikitazama kibao kile kama mtu aliyekuta jina lake kwenye mlango asioujua.

Jumamosi hiyo adhana ilitukuta mlimani, mahali ambapo reli inapita kwenye mpasuko mwembamba wa jiwe, kuta nyeusi huku na huku, na mbele kuna mwanga. Mzee wa Kiingereza alikuwa amesema kwamba kuanzia hapo tutateremka mpaka baharini. Bibi alisema hilo ndilo analolingoja. Si bahari; alikuwa mtu wa bara, bahari haikumshughulisha. Aliniambia, akikunja mkeka: "Mimi nimeliona gari moshi likisimama mara zisizohesabika. Nimesimama pale chini, linakuja na uso wake, linanitazama. Sasa nataka kuona kule juu inakuwaje. Unafika, unamwona mtu anakungoja na chakula chako mkononi. Hicho ndicho alichonificha zaidi. Nataka kuona linavyosimama."

Katikati ya wiki alikuja mjomba, kaka wa mama yangu, na deki yake, ili anakili harusi ya binamu yetu kwa ajili ya ndugu wa Tabora. Aliziunganisha deki mbili kwa waya. Alikosa kanda tupu. Kanda za dukani, kama unakumbuka, zilikuwa na kishimo pembeni kuzuia mtu asirekodi juu yake. Na kila familia ya kwetu ilijua dawa yake, kipande cha selotepu juu ya kishimo. Mjomba alibandika selotepu, akairudisha kanda ndani ilivyokuwa imesimama, akabonyeza.

Nadhani unaona tayari. Sisi hatukuona. Jumamosi tulikaa, bibi akasoma dua, jirani akafunua maandazi. Kuta za jiwe zikasogea, mwanga ukakua, ukakua, ukaijaza runinga, na kutoka ndani yake wakatoka wanawake wenye sare za zambarau wakipiga vigelegele. Kisha kidole gumba cha mpiga picha. Kisha keki.

Jirani, kwa heshima ya harusi, alipiga kigelegele kimoja kidogo, akakikatiza.

"Gari moshi limeingia harusini," bibi akasema. Tulicheka sote, hata yeye. Halafu akasema, "Haya, litoeni." Hapo ndipo nilipogundua kwamba hajaelewa kuwa haliwezi kutoka.

Mjomba aliitwa. Alikuja siku iliyofuata, akapiga magoti pembeni ya kiti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Mimi niliona ni kanda tupu."

"Marahaba. Tupu kivipi?"

"Haikuwa na mtu ndani, mama. Reli tu."

Bibi alimgeukia. "Na sisi tuliokuwa ndani?"

Miaka ile hapakuwa na njia ya kuiita filamu kwa kidole kama baba alivyofanya mwezi uliopita. Muuzaji wa gulio alitutikisia mabega. Maduka ya mitumba yalikuwa na kanda za treni nyingine, zinazokwenda kusini, zinazokwenda Scotland. Tulimletea bibi mbili, akazitazama kwa adabu kama mgeni anayeonyeshwa watoto wa watu. Kisha jioni moja, baba akila, bibi alisema: "Mwanangu, ile reli yenyewe ipo?"

"Ipo, mama."

"Kama ipo, twende tukaimalize. Hata dirishani nitakaa. Likikaribia kusimama nitachungulia mbele."

"Inshallah, mama. Likizo ijayo."

Nalipenda neno hilo kwa maana yake. Ni neno la mtu anayejua kuwa kesho si mali yake. Lakini utotoni mwangu nililisikia likitumiwa kama pazia, na likizo moja ilipita, ikaja nyingine, bibi akiuliza bila kulalamika na baba akijibu bila kumtazama. Mara mbili bibi alikaanga karanga za njiani. Mara mbili tulizila nyumbani, mbele ya runinga iliyozimwa.

Sababu niliipata jikoni, nikisuuza vikombe, mama yangu na baba wakidhani maji yanaziba masikio yangu.

"Mpeleke tu mzee wa watu," mama alisema. "Ni siku moja."

"Nimpeleke vipi? Pasi yake iko kwao." Pasi ya kusafiria ya bibi ilikuwa imepelekwa kwa watu wa uhamiaji pamoja na maombi ya kuongezewa muda, na kutoka huko hapakuja jibu. "Wales wana bendera yao, wana lugha yao. Nchi nyingine ile. Wakisimamisha treni mpakani wakamtaka pasi, nitawaonyesha nini? Risiti ya posta?"

"Kamwulize mtu."

"Ukiuliza, wanakuuliza kwa nini unauliza."

Usimcheke baba yangu. Mtu aliyevuka mipaka mitatu ya Afrika kwa basi na kukaguliwa katika kila mmoja, kisha akakaguliwa upya Ulaya, anajua mpaka ni nini: ni chuma, meza, na mtu asiyekutazama usoni. Na kila alichokitegemea kilikuwa kweli. Bendera ipo. Lugha ipo. Mwalimu wetu shuleni alitufundisha kwamba ufalme huu una nchi nne, na kwenye ramani ya ukutani, kati ya Shrewsbury na vile vilima vya kondoo, kulikuwa na mstari mwekundu. Niliutazama mstari ule kila siku. Ningeweza kuinua mkono na kumwuliza mwalimu, je, kwenye mstari huu kuna askari? Swali moja lingetosha. Lakini watoto wa nyumba kama yetu tulinyonyeshwa sheria nyingine pamoja na maziwa: habari za karatasi hazitoki nje. Hakuna mwalimu, hakuna daktari, hakuna rafiki. Kwa hiyo sote tulikaa, kila mmoja na kipande chake cha ukimya, na kwa pamoja tulijenga ukuta ambao hakuna serikali iliyowahi kuujenga.

Leo kazi yangu ni kukaa na watu wanaosubiri majibu ya namna hiyo. Nawaambia ulizeni. Naona wanavyonitazama, kwa macho ya baba, na narudi nyumbani nimechoka kwa hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani. Kwa ofisi isiyojibu? Kwa baba aliyeogopa? Kwa mjomba na selotepu yake? Nimesoma vya kutosha kujua jina la jambo hili kwa lugha mbili, na elimu hiyo haijanipunguzia chochote.

Mwishowe bibi alichoka. Mwaka ulikuwa umegeuka, asali imekwisha, magoti yamevimba kwa baridi. "Nipatieni kitabu changu niende kwangu," alisema. Na unajua nini? Kitabu kilikuja. Walichochelewesha alipoomba kubaki walikirudisha haraka alipoomba kuondoka. Bahasha ilifika, baba akampa pasi mkononi, na mimi, nikiwa na akili ya mtoto ambayo bado naamini ilikuwa akili sahihi, niliruka: "Baba, sasa anayo! Wakimwuliza ataionyesha! Twende kesho!"

"Ndege yake ni Alhamisi," baba alisema. "Kuna mizigo, kuna kuaga watu. Hakuna nafasi, mwanangu."

"Inshallah siku nyingine," bibi akasema kunituliza, na akanishika shavu. Nililia kwa neno hilo kuliko kwa kuondoka kwake.

Jirani alimletea maandazi ya njiani. Tulimpeleka uwanja wa ndege kwa gari la mjomba. Bibi aliketi mbele, kwa mara ya kwanza mbele, kioo kizima kikiwa chake, na njia nzima hakusema kitu ila mara moja, barabara ilipopita juu ya reli: "Lile linakwenda wapi?"

Kila Idi alipiga simu kutoka Tabora. Aliwaulizia wote, akaniachia mimi mwisho. "Mke mwenzangu, gari moshi limefika?"

"Bado, bibi. Liko njiani."

"Mwambieni dereva chakula kinapoa."

Ulikuwa utani wetu. Aliurudia hata alipokuwa haoni vizuri, hata alipoanza kunichanganya na shangazi. Alifariki nilipokuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mwaka uliofuata wanafunzi wa kozi yetu tulipelekwa Aberystwyth kwa treni, na nilikaa upande wa dirisha baada ya Shrewsbury, moyo ukinidunda kama wa msafirishaji magendo, nikiusubiri mstari mwekundu. Niliona kondoo. Niliona ua la miti lililohitaji kukatwa, na mto mwembamba. Mkaguzi alipita akataka tiketi, akaniambia asante, akaendelea. Kisha nikaona kibao chenye maandishi mara mbili, nikajua kwamba tumeshapita. Wenzangu walikuwa wakila viazi vya pakiti. Niliingia chooni nikakaa humo mpaka Newtown ya pili.

Sikumwambia baba. Kumwambia mzazi kwamba hapakuwa na kitu, hapakuwa na kitu kabisa, nilishindwa kupata maneno yenye adabu ya kutosha. Na baadaye sikuhitaji. Yeye mwenyewe alikwenda Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa mazishi, kwa barabara, akarudi. Alisema tu kwamba mvua ilikuwa kubwa.

Basi mwezi uliopita niliweka begi chini, nikaihamishia treni kwenye runinga. Nilikaa kwenye zulia bila kufikiri. Baba aliweka simu yake pembeni, akakaa wima. Picha ni safi siku hizi, unaona mpaka kutu kwenye mataruma. Hakuna mzee wa Kiingereza, hakuna mikwaruzo, hakuna mtu wa kumtafsiria. Treni ilipokuwa bado imesimama nilimwona baba akiinua viganja kidogo kutoka magotini, midomo ikitembea. Nilisema amina.

Tulipita Wolverhampton. Baba hakwenda popote, ingawa najua umri wake na chai aliyokunywa. Tulipita Shrewsbury, nyuma ikawa mbele. Kondoo wakaongezeka. Nilijua mahali, na nilipitisha macho juu yake bila kumwonyesha baba. Vibao vikawa na lugha mbili. Baada ya kitambo, baba akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa:

"Mpaka uko wapi?"

"Tumeshaupita, baba."

"Wapi?"

"Pale nyuma. Kwenye kondoo."

Alinyoosha mkono nikampa rimoti. Akairudisha treni nyuma, jambo ambalo bibi asingeliruhusu. Ua likarudi, mto ukarudi, kondoo wakatembea kinyumenyume. Akaiachia. Akainama mbele mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha. Tukapita. "Hapa?" "Kabla kidogo." Akairudisha tena. "Hapa?" "Nadhani." Akaisimamisha, tukabaki tunalitazama shamba la nyasi lisilo na kitu, yeye akilikagua kona kwa kona, kama vile meza na yule mtu asiyekutazama usoni wamejificha nyuma ya mti.

Nilitamani kukasirika naye na sikuweza, na kutoweza huko kulinikasirisha zaidi. Jengo letu la Newtown limebomolewa. Jirani yetu alihamia Leicester. Deki haiuzwi, selotepu haizibi chochote, na watoto wa kaka yangu wakitazama kitu kirefu zaidi ya dakika tatu hukirukisha mbele kwa kidole gumba. Hakuna tena chumba ambamo watu sita huketi pamoja na kuombea treni ifike salama. Lakini shamba lile lipo, na lilikuwepo, wazi, siku zote mbili ambazo karanga zilikaangwa.

"Endelea nayo, baba," nilimwambia. "Twende tuone inavyosimama."

"Ngoja kwanza," akasema, na akairudisha tena.

Adhana ya simu yake ilitukuta hapohapo, treni ikiwa upande huu wa mto. Alisimama kwenda kutawadha. Kama bibi angepiga simu Idi hii, ningemjibu kama siku zote: bado, bibi, liko njiani, baba anautafuta mpaka.